Mwanafunzi Asiyeinua Mkono: Upweke wa Shuleni, Katuni za Kijapani na Kasoro ya Uhakiki Wetu

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una ugonjwa ambao umeishi nao kwa muda mrefu hata sasa unaudhania kuwa ni afya. Kila tunapomkuta mhusika mpweke, swali letu la kwanza ni moja: ni nini kilichomfikisha hapo? Tukiona uyatima, tunaandika uyatima. Tukiona ufukara, vita, ndoa iliyovunjika au baba mlevi, tunaandika hayo, tunayatia chini ya kichwa cha 'maudhui', kisha tunaendelea na safari. Ikitokea kwamba sababu haionekani, lawama humwangukia mwandishi: hakumkuza mhusika wake, au ameiga ya wageni, au amekata tamaa. Haitupitikii kwamba upweke waweza kuwa jambo la kusomwa lenyewe, kwa umbo lake na mwendo wake, kabla ya kutafutiwa mzazi.

Makala haya ni ya ugomvi, na yafaa msomaji alijue hilo mapema. Yanadai kwamba tabia hiyo imetufanya tusimwone mtu mmoja ambaye yumo katika kila darasa tulilopata kufundisha, yaani mwanafunzi anayewaogopa wenzake bila ya kuwa na msiba wa kutuonyesha. Ushahidi wetu unatoka sehemu mbili ambazo nadhani hazijapata kuwekwa meza moja. Ya kwanza ni Kutulo, mji mdogo wa Kaunti ya Mandera ulioko kwenye barabara itokayo Wajir kwenda El Wak. Ya pili ni zile katuni za Kijapani ambazo wenyewe huziita anime.

Najua kwamba baadhi ya wenzangu watakunja uso kwa kutajiwa katuni katika jarida la fasihi. Sitapoteza nafasi nyingi kuwajibu. Idara zetu zilibishana miaka mingi kama ngano isiyoandikwa ni fasihi, na waliokuwa wakisema si fasihi leo hawakumbukwi kwa lolote jingine. Kazi yenye wahusika, msuko, usemi na mtazamo ni kazi ya kuhakikiwa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba wanafunzi wetu wanazitazama, katika simu za kuazima na kwa faili zinazohamishwa kutoka mkono hadi mkono, huku wakisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Wanazitazama wakati wa likizo, kwa kuwa shule za bweni haziruhusu simu. Wakirudi shuleni, tunawapa vitabu teule.

Wanachokitazama ni nini? Mwaka 2022 ilionyeshwa nchini Japani Bocchi the Rock!, katuni ya vipindi 12 iliyotokana na vibonzo vya Aki Hamaji. Mhusika wake mkuu ni Gotoh Hitori, msichana wa sekondari ya juu ambaye hata jina lake la pili lina maana ya kuwa peke yake. Hitori hujifungia katika kabati la kuwekea matandiko na kupiga gitaa saa nyingi kila siku, akitumaini kwamba siku moja ufundi wake utamletea marafiki bila ya yeye kulazimika kusema neno. Katika Komi Can't Communicate, iliyoanza kuonyeshwa 2021, msichana aitwaye Komi hawezi kabisa kutoa sauti mbele za watu. Yeye na mwenzake Tadano hukaa darasani watu wakiwa wametoka, wakazungumza kwa chaki ubaoni, na mtazamaji huachwa kwa muda mrefu na mlio wa chaki tu. Ya tatu, ya mwaka 2013, inafahamika kwa kifupi kama Watamote, na ndiyo iliyo kali kuliko zote. Tomoko, mhusika wake, anapita siku nzima shuleni bila ya kusemezana na mtu, kisha jioni anawadharau wote ambao hakuthubutu kuwasalimia.

Ukimchunguza Hitori kwa kanuni zetu za uhakiki, hufaulu kumwelewa. Baba yupo, mama yupo, na mdogo wake wa kike yupo, hata mbwa yupo. Wazazi wanampenda, na gitaa lenyewe ni la baba yake. Hakuna aliyemtesa. Anaogopa macho ya watu, basi, na kazi nzima imejengwa juu ya kuuonyesha woga huo unavyofanya kazi: jinsi akili yake inavyokimbilia mbele ya kila mazungumzo na kuyamaliza vibaya kabla hayajaanza, jinsi 'habari yako' moja inavyomgharimu matayarisho ya usiku kucha. Waandaaji wanapoona kwamba mchoro wa kawaida hautoshi, humyeyusha, humkunja, humgeuza mfano wa udongo. Hizo ni mbinu za kifani zenye kazi ya kimaana, na mhakiki anayezicheka kuwa ni utoto hana budi kutueleza ni kwa mbinu gani riwaya ya Kiswahili imepata kulionyesha jambo hilohilo.

Tuitazame basi riwaya yetu. Sichagui kazi dhaifu ili nishinde kwa urahisi. Nachagua Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kazi yenye uzito ambayo maelfu ya wanafunzi waliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Umulkheri anapofika Shule ya Tangamano ni mgeni na mpweke. Mwandishi anafanyaje? Anawakusanya Kairu, Zohali, Mwanaheri na Chandachema, na kila mmoja anasimulia maafa yake. Simulizi hizo zinatikisa, na sina nia ya kuzipunguzia thamani. Lakini angalia sheria inayoziongoza. Kila msichana anaingia katika urafiki kwa kulipa ada ya msiba. Hakuna hata mmoja anayesema: mimi sikufiwa wala sikufukuzwa kwetu, ila nikiingia bwaloni nikiwa na sahani yangu sijui nikae wapi. Msichana wa namna hiyo hana nafasi katika duara lile, kwa sababu hana hadithi.

Vivyo hivyo katika hadithi fupi 'Mtihani wa Maisha' ya Eunice Kimaliro, ambamo Samueli hujaribu kujitoa uhai baada ya kuanguka mtihani. Sababu imewekwa mezani, na wanafunzi huifundishwa kama sababu: shinikizo la wazazi, mfumo wa elimu, na kadhalika. (Tukumbuke kwamba mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya Kenya ilimhesabu kijana kama huyo kuwa mhalifu. Uhakiki wetu angalau haukumfunga. Ulimwekea orodha tu.) Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, nayo inampa Kongowea sababu ya kutosha, kwani anamtafuta baba.

Aliyejaribu njia nyingine ni Kezilahabi, na sote tunajua alivyopokewa. Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa isisomwe shuleni Tanzania kwa muda. Wahakiki walipoifungua tena waliigeuza kuwa somo la malezi: baba mkali, binti aliyeharibika. Hofu ya Rosa mbele ya watu, ambayo ndiyo kitu kipya mwandishi alichokileta, ilisukumwa pembeni kama dalili tu. Kichwamaji ya 1974 ilipofuata, na Kazimoto wake ambaye elimu ya chuo kikuu haikumpatia mtu wa kuzungumza naye, jibu lililokuwa tayari ni kwamba mwandishi anawakatisha tamaa wananchi. Tangu hapo upweke katika fasihi yetu umekuwa kitu cha kuombewa radhi.

Zipo sauti zitakazosema: mambo haya ni ya Wajapani. Ni ugonjwa wa walioshiba, wa watu wa vyumba vidogo na treni za kasi. Sisi mtu kwetu ni watu. Hoja hii inapendeza masikioni, na nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba Japani ina tatizo kubwa. Daktari Saitō Tamaki alikwisha kuandika mwaka 1998 juu ya vijana wanaojifungia majumbani kwa miezi na miaka. Serikali yao iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2021, na katika mwaka wa masomo wa 2023 watoto wa shule za msingi na sekondari za chini walioacha kuhudhuria kwa muda mrefu walizidi 340,000. Lakini wao wamehesabu. Sisi hatujahesabu, na tumelichukua kutohesabu kwetu kuwa ni ushahidi kwamba hakuna cha kuhesabiwa.

Isitoshe, wanaotumia hoja ya 'mtu ni watu' hawajui upweke wa jadi za Kaskazini Mashariki, na kwa hiyo hawajui kuutofautisha na ule wa shule. Wasomali wana methali isemayo kwamba meno hukata yakiwa pamoja, nayo yaweza kusimama bega kwa bega na methali zetu. Hata hivyo watu haohao wanamfahamu vyema mchunga ngamia, kijana anayekaa malishoni majuma mengi na wenzake wachache au bila mwenzake. Huko hujifunza tenzi za wakubwa zake, na akiwa na kipawa hutunga zake. Ule ni upweke wenye heshima na wenye kazi ya kufanya, na jamii inaujua kwa jina. Upweke wa bweni lenye vitanda 80 hauna jina. Mtoto aliyetoka katika boma moja na kuingia katika lingine hakupewa na yeyote tenzi za kubeba.

Sasa tufike Kutulo penyewe. Ukisoma lolote lililoandikwa juu ya shule za kaunti zile, utakuta jambo moja: usalama. Sisemi kwamba si kweli. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 6 Desemba 2019 basi jingine lilishambuliwa karibu na Kutulo. Walimu watatu walipouawa Kamuthe tarehe 13 Januari 2020, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti zote tatu, na madarasa mengi yakabaki bila wa kuyafundisha. Mimi nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika sekondari moja ya sehemu hizo, na sikuondoka kwa ushujaa.

Lakini tazama athari ya haya katika usomaji wetu. Mtoto wa Kutulo akinyamaza, tunajua tayari kwa nini amenyamaza. Ni ugaidi, ni ukame, ni kutengwa tangu vita vya 1963 hadi 1967. Tumemtwika historia ya mkoa mzima, naye hatujampa nafasi ya kuwa mtu mwenye haya zake mwenyewe. Mtoto wa Nairobi anaruhusiwa kuwa mwoga tu. Wa Kutulo lazima awe mwathiriwa.

Niseme nilichokiona. Katika somo la kusoma kwa sauti wanafunzi husoma aya kwa zamu, kuanzia dawati la mbele. Lugha ya Kisomali haina sauti za p, v na z, na kwa hiyo 'nimepata' hutoka 'nimebata', na 'vitu' hutoka 'fitu'. Waliokulia Eastleigh au Garissa mjini, ambao Kiswahili kimekwisha kuwakaa ulimini, hucheka. (Wapo walimu wetu wasiotofautisha r na l, lakini sijapata kusikia mwanafunzi akiwacheka mbele yao.) Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha juu ya dakika zile. Alieleza jinsi anavyohesabu vichwa vilivyo mbele yake, kisha anahesabu aya, mpaka anaijua ile itakayomwangukia. Anaitafuta kila p iliyomo ndani yake. Anaifanyia mazoezi kimoyomoyo, wala hasikii hata neno moja la wanaosoma. Halafu mwanafunzi mmoja anakuwa hayupo, zamu inasogea, na aya inayomwangukia ni nyingine kabisa. Insha iliishia hapo, aya inapobadilika.

Nilimpa alama 9 kati ya 20, kiwango C. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: 'Hoja haijakuzwa. Sababu za hofu hii ni zipi?'

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikimtazama Hitori akihesabu hatua za mazungumzo ambayo hayajaanza, ndipo nilipoikumbuka insha ile na kuona kwamba nilikuwa nimesahihisha kazi ya fasihi kwa ufunguo wa somo la uraia. Msichana yule hakuwa na sababu ya kunipa zaidi ya aliyokwisha kunipa. Umbo la insha, pamoja na kule kukatika kwake, ndilo lililokuwa hoja.

Kuna jambo jingine ambalo Komi alinifundisha, na uhakiki wetu ungeweza kulifundisha zamani kama ungetaka. Darasa zima linamheshimu Komi. Kimya chake wanakichukulia kuwa ni utulivu wa watu wa daraja la juu, na kadiri wanavyomheshimu ndivyo wanavyokaa mbali naye. Sasa mlete Komi huyo Kutulo. Msichana asiyesema, asiyeinua macho na asiyeinua mkono darasani, atasifiwa. Atasemwa kuwa ana haya, na kwa Kisomali ataambiwa ana xishood, jambo ambalo katika mafunzo ya dini ni tawi la imani. Walimu wa kutoka bara nao watamwita mwanafunzi mtulivu na kuliandika hilo katika ripoti yake. Mimi siipingi haya. Ni fadhila, na lugha ya Kiswahili ingekuwa maskini bila ya neno hilo. Lakini haya ni ya mtu anayeweza kusema akachagua kunyamaza. Yule ambaye koo lake limefungwa hakuchagua kitu, nasi tunamzawadia sifa kwa ajili ya kifungo chake. Tunayo maneno haya, soni, aibu, fedheha, staha, ukiwa na unyonge, na kila moja lina mpaka wake. Ni tasnifu ngapi zimepata kuichora mipaka hiyo katika riwaya moja tu?

Nisieleweke kwamba naziabudu katuni hizi. Zina udanganyifu wake. Komi ni mzuri wa sura kupita kiasi, na Hitori ni fundi wa gitaa kuliko wengi wanaolipwa. Mpweke asiye mzuri wala fundi hupata tabu kuonekana, isipokuwa katika Watamote, ambayo ndiyo sababu naiweka juu ya zote. Shule zao zina vyama vya kila namna baada ya masomo, na mara nyingi chama au bendi ndiyo dawa. Shule ya mchana yenye madarasa manne na tangi moja la maji haina dawa hiyo. Vilevile upweke umekuwa bidhaa huko: sura ya msichana mwoga inauzwa katika vikombe na fulana, na anayezinunua huenda akawa mpweke zaidi ya yule aliyechorwa. Haya yote yanafaa kuhakikiwa. Lakini hayahakikiwi kwa kugeuza shingo.

Kuna kipimo kingine kinachotuhusu zaidi. Watafsiri wa filamu wanaozungumza juu ya picha, kama alivyofanya Lufufu Dar es Salaam na anavyofahamika DJ Afro kwetu Kenya, wamezifanya filamu za mapigano kuwa mali ya Kiswahili. Filamu za Kihindi nazo zimetiwa sauti za Kisomali na kutazamwa tangu Eastleigh hadi Mandera. Sijapata kumsikia mtu aliyejaribu kutia Kiswahili juu ya Komi. Nadhani najua kwa nini. Msimulizi wetu amezoea kujaza, na mhusika asiyesema anamwacha bila kazi. Atalazimika kunyamaza pamoja naye, au atafute Kiswahili cha mtu anayejisemesha ndani kwa ndani, kwa kasi, kwa kujirudia, kwa kujilaumu. Kiswahili hicho kipo. Kezilahabi alikigusa katika Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, ila alikipeleka katika falsafa, juu sana ya dawati la kidato cha pili. Bado kinamngoja mwandishi wa riwaya ya shule.

Wakati tunamngoja, kuna la kufanya ambalo halihitaji kipawa. Wanaotunga maswali ya fasihi wanaweza kuacha, angalau katika swali moja la kila karatasi, kudai sababu na athari za kila hisia. Badala ya 'Eleza sababu tano za upweke wa Umulkheri', wamwulize mtahiniwa: 'Umulkheri anapokaa kimya darasani, mwandishi anatujulishaje kwamba kimya hicho si cha utulivu? Rejelea lugha.' Mwenye kuhesabu aya atalijibu swali hilo vizuri kuliko wanaocheka. Nao wanaosahihisha wawe na ruhusa ya kumpa alama zake.